Nyumba Niliyomjengea Mwalimu

Kwa mwenzangu Timazi,

Kabla ya yote pokea salamu zangu, na za mama watoto pia, ambaye amekaa nyuma yangu akishona vifungo na kuniuliza kila baada ya mstari kama bado sijamaliza. Goti lako linaendeleaje? Shemeji hajambo? Na yule mjukuu mkubwa aliyekuwa akikohoa, kimeisha kikohozi? Sisi huku wazima. Kiuno changu tu ndicho kimeota kiburi, kikishainama hakikubali kunyooka mpaka kibembelezwe. Lakini ngazi bado napanda, na hakuna ukuta wangu hata mmoja ulioomba mkongojo.

Utaushangaa mwandiko huu. Barua zangu zote ulizozipata miaka iliyopita aliziandika fundi cherehani wetu, ambaye ndiye katibu wa kamati ya shule. Mimi nilikuwa nasema, yeye anapamba. Ndiyo maana mwaka juzi nilikupongeza kwa harusi ya binti usiye naye. Hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe, na leo ni siku ya tatu niko juu yake. Ukikuta neno limevunjika, lipite kama unavyolipita tofali lenye ufa katikati ya ukuta. Mengine yatalibeba.

Aliyenifundisha kusoma ni mwalimu wa darasa la kwanza, na habari ninayokuletea ni yake. Ameondoka. Ameiacha shule yetu, ameiacha na nyumba niliyomjengea, nyumba ambayo nikikueleza ilivyo utadhani najisifu.

Unajua kwamba mimi ni mwenyekiti wa kamati ya wazazi, mwaka wa kumi na mbili sasa. Sikuchaguliwa kwa kisomo. Vyumba saba vya shule hii nimevijenga mimi, na hakuna pembe iliyokwenda upande, ndiyo maana watu wakaniita Pembe Nne na jina langu la utotoni wakalisahau. Mwenyekiti ndiye anayekaa na muhuri wa kamati. Nilikuwa nautunza kwenye kopo la maziwa juu ya kabati, na karatasi yoyote ya shule isiyopigwa muhuri ule, huko ofisi ya elimu wanaifungia maandazi.

Mwalimu alikuja miaka sita iliyopita na begi moja. Mwaka haujaisha, mjukuu wangu wa kike, yule mwenye mdomo, akawa anatusomea maandishi ya madukani njia nzima, mpaka bei za sabuni. Siku moja mchana nilikwenda kutengeneza bawaba ya mlango wa darasa lake. Bawaba ni kazi ya robo saa. Mimi nikakaa nayo mpaka kengele ya kwenda nyumbani, maana nilikuwa nasikiliza anavyowafundisha. Watoto walipotoka akaniambia kwa heshima kabisa kwamba kama nitakuja tena kesho, afadhali nije na daftari, kwa sababu mlango una bawaba mbili tu. Nikaenda. Nilikuwa na miaka sitini na nane. Mama watoto alisema nimechelewa kidogo tu, darasa la kwanza wameanza mwezi uliopita.

Basi nikawa nakwenda kila alasiri watoto wakishatoka. Zaidi ya mama watoto sikumwambia mtu. Kwa watu nilikuwa nakagua nyufa.

Sasa kuna jambo linaitwa mafunzo kazini. Kila mwaka ofisi ya elimu huleta fomu, mwalimu anakwenda wiki sita kwenye chuo, anafundishwa njia mpya za kufundisha, halafu anarudi. Fomu inatakiwa sahihi ya mwalimu mkuu na muhuri wa kamati. Mwaka ule wa pili mwalimu wangu alileta fomu yake. Mimi nikakataa mbele ya kikao kizima. Nikawaambia, aliyekuwa mwalimu wa hesabu tulimpigia muhuri, akaenda chuo, akarudi? Hakurudi. Huwezi kumwotesha ndege mabawa halafu ukamwomba atembee kwa miguu. Mwalimu mkuu alijaribu kusema kwamba yule wa hesabu alikuwa na kazi nyingine mfukoni kabla hata hajaiona fomu. Sikumsikiliza. Ukishafika miaka hii, na umejenga shule, watu wanakuachia useme.

Mwaka wa nne akaleta tena. Safari hiyo sikukataa, niliahirisha kikao mpaka fomu ikapitwa na tarehe. Lakini niliona uso wake. Nikasema moyoni, mtu huyu nisipomshika ataponyoka. Na mimi kumshika mtu nakujua kwa njia moja tu. Nikaitisha nguvu za wazazi, wenye tofali tofali, wenye mchanga mchanga, tukaanza nyumba ya mwalimu.

Timazi, nimejenga mengi, lakini nyumba ile niliijenga kama nitalala mimi. Msingi nimeshuka futi tatu pasipo haja. Dirisha linapokea jua la asubuhi bila kumchoma mtu aliyelala. Chumba cha kwanza kilipokwisha nilimkabidhi ufunguo watu wote wakiangalia, nikatoa na hotuba. Alishukuru vizuri. Akagusa ukuta kwa kiganja, kama sisi tunavyogusa. Halafu watu walipoondoka akasema maneno ambayo sikuyaelewa siku ile.

"Baba, nyumba ni nzuri mno. Lakini nimefundisha miaka yote hii kwa kile nilichokuja nacho, na kimeisha. Nawapa watoto makombo."

Nikamwambia chumba cha pili kitakuwa kikubwa zaidi.

Mwaka wa sita, yaani mwaka jana, fomu ikaja mara ya tatu. Safari hii kamati ilinizidi nguvu. Katibu ndiye aliyesimama, akasema mtu hafungwi kwa nyumba, hata ng'ombe anapelekwa malishoni. Watu wakacheka, wakapiga kura, nikashindwa kumi kwa mmoja. Fomu ilitakiwa ofisini Ijumaa. Tukakubaliana Jumatano nije na muhuri.

Jumatano muhuri haukuonekana. Kopo la maziwa lilikuwa juu ya kabati palepale, ndani ni pedi ya wino peke yake. Tulitafuta, ndugu yangu. Kabati tulilivuta, magodoro tuliyageuza, wajukuu niliwafokea mpaka mdogo akalia. Tulikwenda mpaka kwa fundi cherehani, kwa kuwa ndiye aliyewahi kuuazima kwa barua moja, tukapekua mapande yake ya vitambaa. Hatukuona. Ijumaa ikapita. Wengine wakaanza kumtazama katibu kwa jicho la pembeni. Yeye aliapa, na mtu akiapa sana ndipo anapozidi kutiliwa shaka.

Mwalimu hakugomba. Alifundisha mpaka mwisho wa muhula, na mimi pia alinifundisha, maana tulikuwa tumefika kwenye kuandika sentensi ndefu. Siku ya kufunga shule akaniletea ufunguo. Nilimuuliza kama amepata kazi mjini. Akatikisa kichwa.

"Ningekwenda wiki sita nikarudi, baba. Sasa nakwenda moja kwa moja."

Nilikasirika. Nilizunguka nikisema kwa watu kwamba walimu wa siku hizi hawana shukrani, nimemjengea nyumba ya vyumba viwili na ameitupa kama ganda. Mama watoto alinisikiliza nikirudia hayo wiki nzima. Mwisho akaniuliza kama nilimjengea nyumba au nilimjengea tundu la kuku.

Miezi mitatu baadaye nikaitwa ng'ambo ya mto, kwenye shule moja ndogo ambayo ukuta wake wa mbele ulikuwa umefumuka. Shule yenyewe aibu. Paa limeshonwa kwa mabati ya rangi nne, na aliyejenga pembe zake nadhani alikuwa amefumba macho. Nikaingia ofisini kuulizia mchanga, na nani nakutana naye? Mwalimu wangu. Hakwenda mjini. Alikwenda mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka kwetu, kwenye shule mbovu kuliko yetu, na amepanga chumba nyuma ya mashine ya kusaga, chumba ambacho kila kitu ndani, mpaka kitanda, kina vumbi la unga.

Alifurahi kuniona, akanitolea kiti. Ukutani mle ofisini palikuwa na karatasi yenye majina ya walimu wote na mwezi ambao kila mmoja atakwenda mafunzo. Mimi mwenyewe niliisoma, Timazi, mstari kwa mstari, kwa kisomo alichonipa yeye. Nilimuuliza mwalimu mkuu wa pale, mama mmoja mnene mwenye sauti kama ya bati, wangapi wamekimbia baada ya kwenda. Akanitazama kama nimeuliza wangapi wamekimbia baada ya kula. Akasema mwaka wa tano huu hajapoteza mtu. Wanakwenda kwa zamu, anayerudi anawafundisha wenzake Ijumaa mchana, na anayefuata anangoja zamu yake, sasa akimbie aende wapi na zamu yake inakuja?

Halafu mwalimu wangu akanipeleka darasani kwake. Alikuwa amerudi kutoka chuoni wiki mbili tu zilizopita. Sitaweza kukueleza vyote. Watoto walikuwa wameketi chini makundi makundi na vizibo vya chupa vyenye herufi, wanabishana kama wazee kwenye bao, huyu anasema hiki kinakaa hapa, yule anasema hakikai, na mwalimu anapita katikati bila kupaza sauti. Uso wake ulikuwa ule wa mwaka wa kwanza, wa begi moja. Nikakumbuka wajukuu zangu wanavyoimba herufi ubaoni, mwaka wa sita wimbo uleule.

Nilikuwa na neno la kumwambia. Badala yake nikamuuliza vizibo amevitoa wapi. Aliniuliza kama bado naandika. Nikasema sina wa kumwandikia. Akasema kila mtu ana mtu mmoja ambaye kuna jambo hajamwambia, nimwandikie huyo.

Huyo ni wewe. Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe, na mama watoto nimemwomba akanichotee maji, ingawa mtungi umejaa.

Unakumbuka bwana wetu, fundi aliyetupokea tukiwa vijana. Unakumbuka kila tulipofika kwenye kupiga pembe za msingi, anatupa ndoo mbili mbili, tushuke mtoni. Tukirudi, kamba zimeshatandazwa, vigingi vimeshapigwa, pembe zimekaa. Miaka minne nimebeba maji, na hata siku moja sijaona jinsi kamba inavyofungwa. Nilipoondoka nilikuambia wewe, na nimewaambia watu miaka arobaini na mitano, kwamba nilimwacha kwa sababu nilikuwa nimemzidi. Ni uongo. Niliondoka kwa sababu ya ndoo. Nilimwomba anionyeshe, akasema nikishajua nitakwenda zangu. Nikaenda zangu bila kujua.

Na hili nalo nimekuwa nikisema kwamba pembe nilizigundua mwenyewe, kwa akili yangu. Uongo pia. Fundi wa pili niliyekwenda kwake alinipa kamba asubuhi ya kwanza, kabla hata hajaniuliza jina. Mafundo ya nafasi kumi na mbili sawa, tatu huku, nne huku, tano kukatiza, na pembe imekaa. Ilichukua muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Na nilikaa kwa mtu yule miaka kumi na moja, mpaka macho yake yalipokwisha na mimi ndiye niliyekuwa namwongoza kwenye jukwaa. Kila asubuhi nilikuwa najua ninachohitaji ili niondoke, na sikuondoka.

Wewe uliniambia kwamba mwezi ule nilioondoka, bwana wetu aliacha kutuma watu mtoni. Alikuonyesha kamba, na ukakaa naye mpaka ukamwosha alipofariki. Nimekuwa nikiona kijicho kwa hilo kuliko kwa mali yako yote.

Sasa sikiliza. Muhuri haukupotea. Jumanne ile, siku moja kabla, nilikuwa napiga lipu chumba cha pili cha nyumba ya mwalimu. Juu ya dirisha palibaki tundu moja lililoachwa na mti wa jukwaa la kupandia. Niliufunga muhuri kwa karatasi ya mfuko wa saruji, nikausukuma ndani, nikajaza vipande vya tofali, nikapiga lipu, nikasugua. Hata wewe ungesimama pale na taa usingeona kitu. Ni lipu nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Wiki ile ile mwalimu alihamishia meza yake chini ya dirisha lile. Fomu yake ilikaa juu ya meza siku tatu, na muhuri ulikuwa juu yake kimo cha mkono, na mimi nikipita nje naiona.

Nilijiambia nafanya kwa ajili ya watoto. Lakini nitakuambia ukweli wote, maana nusu ya ukweli ni kama nusu ya ngazi. Nilikuwa bado sijaweza kuandika barua. Niliogopa aende aniache njiani, kama nilivyowahi kuachwa na ndoo mkononi. Kwa hiyo nikampa yeye ndoo.

Nyumba sasa anakaa mwalimu mpya, mama wa makamo mwenye watoto wawili. Ni mwepesi wa kucheka na wajukuu wanampenda. Juzi naye ameleta fomu. Inatakiwa ofisini kesho kutwa. Muhuri mwingine ofisi haiwezi kutoa mpaka mwenyekiti aende polisi akaandikishe kwamba ule wa kwanza umepotea, na mimi mwaka mzima nimekuwa nikisema goti, nikisema mvua. Watu wamekubali. Wanadhani nimezeeka.

Kesho asubuhi kamati inakaa. Nimekuandikia leo ili nisipate pa kukimbilia. Unanijua, nikishasema kitu mbele ya mtu sirudi nyuma. Nitawachukua wote mpaka chumba cha pili na nitatindua ule ukuta mbele ya macho yao, na mbele ya fundi cherehani kuliko wote. Uenyekiti wauchukue. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi nimeuficha ndani ya tofali.

Swali moja, halafu nikuache upumzike. Siku ile bwana wetu alipokupa kamba, alinitaja? Miaka arobaini na mitano nimeogopa kuuliza. Nijibu hata kama ni hapana. Nitaisoma mwenyewe, hakuna mwingine atakayeifungua.

Mama watoto amerudi na maji. Anasema kalamu imenikaa vizuri kuliko mwiko, lakini hiyo ni kwa sababu hajui nimeandika nini. Nisalimie shemeji mara mbili, wajukuu mmoja mmoja kwa kichwa chake, na lile goti likandwe kwa maji ya moto na chumvi. Tukijaliwa tutaonana kabla mmoja wetu hajabebwa.

Ni mimi mwenzako wa ndoo,
Pembe Nne

Naongeza haya leo Alhamisi, bahasha nilikuwa sijaifunga.

Ilichukua mapigo manne ya tindo. Watu walidhani nimeona nyoka ukutani. Muhuri ulipotoka, mwalimu mpya aliwatoa watoto wake nje. Niliwaeleza kama nilivyokueleza wewe, kwa ufupi zaidi. Wengine wamenitukana na ilikuwa haki yao. Fundi cherehani hakunitukana. Aliuchukua muhuri, akauona umeingiwa na saruji kwenye herufi zote, akatoa sindano kwenye ukosi wa shati, akaketi kizingitini akaanza kuikwangua, herufi moja moja, karibu saa nzima, hanitazami. Alipomaliza akasema, bado hanitazami, kwamba fomu ya mwalimu haiwezi kuchafuliwa kwa majaribio, kuna mtu ana karatasi?

Nilikuwa na barua hii mfukoni. Alama tatu unazoziona hapa chini ni zake. Ya kwanza haisomeki. Ya pili nusu. Ya tatu nimeisoma yote, na alipoinuka kwenda mezani kwenye fomu nilimwona mwalimu mpya ameshaifungua, anaishika pembe zake nne isipeperuke.